Meli Iliyolazwa kwa Inanga

Tulipomaliza arobaini ya Mama, wanawake wa jumuiya walikuja kunisaidia kugawa nguo zake. Chini kabisa ya sanduku, chini ya vitenge na shela yake ya ndoa, kulikuwa na shuka jeupe lililogeuka rangi ya mtindi. Nilipolikunjua, harufu yake ikatoka kama mtu aliyekuwa amefungiwa ndani: sabuni isiyo ya kwetu, chuma kilicholowa, na unyevu wa mahali pasipopigwa jua. Wenzangu wakauliza hili apewe nani. Nikalikunja tena, nikalishika kifuani. Harufu ile ilikuwa imenirudisha nikiwa mtoto wa darasa la tatu, enzi zile baba yangu anaishi ndani ya meli isiyokwenda.

Ninyi wa rika langu mliokulia huku Ngara mnakumbuka Benaco ilivyojaa wakimbizi wa Rwanda kwa ghafla, vilima vikawa maturubai matupu, na malori ya unga yakawa yanapita mchana kutwa mpaka vumbi likawa kama chumvi ya kila chakula. Baba alipata kazi kule ya udobi, kufua na kupiga pasi nguo za wazungu wa misaada. Alitumia pasi ya mkaa, ile yenye jogoo mbele. Alikuwa fundi kwelikweli. Babu, yaani baba yake, alikuwa akisema shati likitoka mikononi mwa Baba, hata ukiivalisha fimbo, watu wataiamkia shikamoo. Mzungu mmoja alipohamishwa akamwombea kazi mbali, Uarabuni, kwenye meli. Baba akaondoka na begi dogo na rozari, Mama akiwa na mdogo wangu Deo mgongoni. Mimi nilifikiri anavuka maji na kurudi, kama watu wanavyovuka Ruvubu kwa mtumbwi kwenda kuuza ndizi wakarudi jioni.

Habari zake zilikuwa zinatufikia kwa kuzunguka. Anapiga simu kwa ndugu yetu mmoja aliyeko Dar es Salaam, ndugu anamwambia Hamisi, na Hamisi, dereva wa lori la unga, mtu wa Tanga, akifika kwetu anasimamisha lori barabarani na kuja kutuambia. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono mingi. Siku ya kwanza kutuelezea hiyo meli alikaa kwenye kigoda cha Babu bila kukaribishwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, hiyo meri aliyokwenda mwanangu ikoje?"

"Meli, mzee."

"Ndiyo hiyo nasema. Meri."

Hamisi akacheka. "Basi hiyo meri yako ni kubwa kuliko kanisa lenu la parokia, halafu uweke na kanisa jingine juu yake. Zamani ilikuwa inavuka bahari na matajiri wamejaa humo, wanacheza muziki. Sasa imezeeka, imestaafu. Wenyewe hawakutaka kuitupa, wakaifanya hoteli. Wageni wanalala mle mle, asubuhi wanashuka wanakwenda zao mjini."

"Na usiku ikiondoka nao?" Mama aliuliza.

"Itaondokaje, Mama Deo? Imetia nanga. Iko pale pale."

Babu akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ng'ombe akizeeka usimfukuze zizini. Hao watu wana adabu."

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia. Nyumbani tulikuwa tunaongea Kihangaza. Kiswahili kilikuwa cha shuleni, cha sokoni na cha ofisini, na mimi nilikuwa nakisikia kwa sikio la nyumbani. Kwetu inanga ni kile chombo cha Babu: ubao uliochongwa kama hori dogo, nyuzi za mishipa ya ng'ombe zimevutwa juu yake, mtu anakaa chini anaupiga huku anaimba kwa sauti ya chini, kama anamnong'oneza mtu siri. Hamisi aliposema imetia nanga, nilisikia imetiwa inanga. Nikapata picha yote. Ndani ya tumbo la meli kuna mzee amekaa kwenye mkeka, anaipigia, nayo imelala.

Wala sikushangaa. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu ng'ombe wetu Bihogo, mkorofi yule aliyewahi kumrusha jirani kwenye migomba, akitulia kama mtawa kila Babu alipoanza kupiga. Deo akiwa na homa na kulia mpaka sauti inakauka, Babu alikuwa anachukua inanga tu, na mtoto analala. Kama inanga inamweza Bihogo, inaiweza meli.

Ila kitu kilicholala huamka. Hilo ndilo lililoninyima raha. Na kustaafu si kufa: kulikuwa na mwalimu jirani yetu aliyestaafu, na kila Jumamosi tulimwona anatembea kwa miguu mpaka Ngara mjini na kurudi, ana nguvu zake. Nikawaza, huyo mzee wa kwenye meli akichoka je? Akienda haja? Uzi ukikatika wakati Baba yuko chini huko anapiga pasi? Meli itashtuka, itainuka, itarudi baharini ilikozoea, na Baba ndani yake.

Rafiki yangu Koleta alinisikiliza akacheka. "Meli isiyokwenda ni mtumbwi mbovu," akasema. "Baba yako yuko kwenye mtumbwi mbovu anaona aibu kurudi." Nilimpiga. Mama yake akaja kushitaki, Mama akanichapa, na sikusema kilichosababisha.

Safari nyingine Hamisi alileta mzigo kutoka kwa Baba, umepitia mikono mingi mpaka karatasi yake imechanika: kilo ya tende na shuka jeupe, moja ya yale ambayo meli ilikuwa imeyachoka. Pembeni lilidariziwa alama ya bluu. Mti umesimama, juu una pete na kijiti cha kukingama, na chini una mikono miwili imejikunja kuelekea juu. Mama aliigusa kwa vidole. "Msalaba," akasema. Katekista alipoitwa aliiangalia sana, akasema lazima ni msalaba wa Wakristo wa Uarabuni, kila nchi ina wa kwake. Toka siku hiyo jumuiya ikisali kwetu, shuka linatandikwa mezani, alama imeelekezwa kwa watu, mshumaa juu yake. Watu waliinamia ile alama kwa heshima zote. Shuka lilikuwa linanuka meli. Nikilinusa nilikuwa nasikia kama Baba yupo chumba cha pili, na papo hapo naogopa.

Shule ya mchana niliiacha mapema, nikaimalizia ukubwani kwa masomo ya jioni, nikiwa na watoto wangu tayari. Siku moja mwalimu akatufundisha misemo, akaandika ubaoni "kung'oa nanga," akasema maana yake ni kuanza safari. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, ukiing'oa si inaharibika nyuzi?" Akaniangalia. Akachukua chaki akachora nanga. Mti, pete, kijiti, mikono miwili imejikunja. Nikaliona shuka letu pale ubaoni. Mama mmoja wa nyuma, Mhangaza mwenzangu mwenye wajukuu, akasema taratibu, "Jamani, hata mimi miaka yote nilijua ni ile ya kupiga." Darasa likacheka, nasi tukacheka. Nilipomweleza Mama kwamba tulisali miaka mbele ya chuma cha kufungia meli, alisema Mungu aliyapokea yale maombi, anajua watu wake wanasoma nini na hawasomi nini.

Lakini hayo ni ya baadaye sana. Wakati ule nilikuwa mtoto mwenye kazi moja kubwa isiyojulikana na mtu: kumlinda Babu asiache kupiga. Nilikuwa nimeamini, sijui kwa njia gani, kwamba inanga zote ni ndugu, na kwamba ya kwetu ikilia ile ya kwenye meli inapata nguvu. Jioni Babu akikaa kwenye mkeka, mimi nimekaa mbele yake. Akisimama kunywa pombe yake ya ndizi, namwangalia mkono.

"Babu, endelea."

"Mke wangu, hata ng'ombe wa kulima hupumzishwa."

"Kidogo tu."

"Huyu mke nimeoa mkali," alikuwa akimwambia Mama. "Hanipi hata nafasi ya kufuta mdomo."

Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuvimba kwenye viungo. Nilikuwa namchemshia maji ya kukandia bila kuagizwa, na Mama akinisifu mbele za watu kwamba nina huruma.

Kisha ikaingia Kwaresima. Mama alikuwa mtu wa kushika dini bila kelele, lakini akishika ameshika. Siku ya majivu, tukiwa bado na alama kwenye paji la uso, alimpigia Babu magoti kama desturi ya mkwe, akamwomba inanga ipumzike mpaka Pasaka.

"Mungu wako haipendi inanga?" Babu akauliza.

"Anaipenda sana, Baba. Sisi ndio tunajinyima tunachokipenda."

"Basi na mimi nitajinyima kwenda kanisani."

"Kanisani hukupendi, Baba. Hapo hutakuwa umejinyima kitu."

Babu alicheka mpaka akakohoa, na kwa kuwa alikuwa amecheka, akawa ameshindwa. Mama akaitundika inanga kwenye msumari wa juu, karibu na dari, upande wa moshi. Mimi nilikaa pale chini nikiitazama. 

Jumapili nikamsubiri katekista nje ya kigango. Nikamwuliza kama huko Uarabuni nako wanafunga Kwaresima. Alifurahi, akafikiri ninapenda dini. Akaniwekea mkono kichwani. "Mwanangu, Mkristo ni Mkristo popote duniani. Kwaresima ni moja."

Hakujua pigo alilonipa. Maana yake yule mzee wa kwenye meli naye ameitundika yake. Nikarudi nyumbani nikiwa nimejikunja kama mwenye njaa. Tangu siku hiyo, kila tukisali rozari, kwenye nia za moyoni nilikuwa naomba jambo moja: Mungu ajalie mpiga inanga wa meli asiwe Mkristo. Nilijua ni ombi baya. Niliomba hivyo hivyo. Nilikuwa naomba awe Mwislamu kama Hamisi, mtu mwema lakini asiyehusika na Kwaresima yetu, na kisha namwomba Mungu anisamehe kwa kuomba.

Katikati ya hapo katekista akatufundisha kwamba tumaini kwa roho ya mtu ni kama nanga kwa meli. Watoto wengine wakarudia kwa sauti. Mimi nilirudia mara mbili, kwa kuwa nilielewa kuliko wote: bila hiyo, kila kitu kinaamka na kuondoka.

Hamisi alikuja tena karibu na Jumapili ya Matawi. Hakukaa kwenye kigoda. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akatusalimia haraka.

"Mama Deo, kule mambo yamegeuka. Meli imeuzwa, inakwenda kukatwa chuma chakavu. Tayari imeng'oa nanga."

"Na yeye?"

"Ndugu yenu wa Dar anasema simu yake haijaja. Wengine wanasema wafanyakazi walishushwa. Wengine wanasema kuna waliobaki ndani."

"Waliobaki ndani ni kina nani?"

"Sijui, Mama Deo. Ningejua ningekuambia."

Mama akamshukuru. Akamuuliza kama amekula. Hamisi akasema amekula, nasi sote tulijua hajala, akaenda. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Wameing'oa. Hawakungoja hata nyuzi zikatike, wameing'oa yote, na sasa meli iko macho. Na chuma chakavu nilikijua: wale vijana waliokuwa wanapita Benaco na nyundo, wanapasua mapipa na magari yaliyokufa. Nikawaona wanapasua meli na Baba yuko ndani ameshika pasi, wao hawamsikii kwa kelele za nyundo.

Wiki ile Mama hakubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Alikwenda Njia ya Msalaba, alilima, alikamua. Alipika kiasi kilekile, na fungu la Baba, ambalo tangu aondoke alikuwa analitenga na kumpa mpita njia yeyote, aliendelea kulitenga. Nilimwangalia usoni nikitafuta mahali pa kushikia. Hapakuwapo.

Ijumaa Kuu, Mama akiwa kanisani, nilipanda juu ya pipa la maji nikaishusha inanga. Vumbi la moshi lilikuwa limeshaikaa. Nikamwekea Babu mapajani.

"Piga, Babu."

"Nimemwahidi mama yako."

"Piga kidogo. Mama hasikii."

"Mungu wake anasikia. Una nini, mke wangu?"

Nikamwambia yote, kwa Kihangaza, kwa kulia: mzee wa kwenye mkeka, meli iliyolala, Kwaresima ya Uarabuni, wameing'oa, imeamka, imemchukua Baba. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alikaa amenitazama, macho yake yakiwa na maji ya uzee ambayo sikujua kama ni ya uzee tu.

"Bihogo halali kwa sababu ya inanga," akasema mwisho. "Analala kwa sababu ameshiba. Mimi hupiga wakati tayari ameshiba, watu wakanisifu." Akapangusa vumbi kwenye nyuzi kwa kiganja, bila kuzitoa sauti. "Sijui kuhusu baba yako. Na yeye ni mtoto wangu."

Alifikiri ananipunguzia mzigo. Alichonifanyia ni kunionyesha kwamba hakuna mtu aliyekuwa ameishika ile meli hata siku moja. Tuliitundika tena, yeye amenishikilia kiuno nisianguke.

Pasaka ikaja, ngoma zikapigwa kigangoni, tukala nyama. Babu alipewa ruhusa ya kupiga na hakupiga, alisema vidole vinamuuma. Mvua zikashika. Malori yakawa yanakwama, na Hamisi hatukumwona. Nilikuwa naacha masomo katikati nakwenda chooni kulia, kisha narudi. Mwalimu akanipa dawa ya minyoo.

Siku Baba aliporudi kulikuwa na jua baada ya mvua, mchana mweupe kabisa. Mama alikuwa amekaa uani miguu ameinyoosha, ungo wa maharage mapajani, anachagua mawe. Mimi nilikuwa namlisha Deo. Tukasikia sauti nyuma ya uzio wa minyaa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," Mama akajibu kabla hajainua kichwa, kama anavyojibu kila mtu. Kisha akainua.

Baba alikuwa amekonda, amevaa kandambili zisizofanana, hana begi. Alikuwa amesimama miguu imeachana, kama anategemea ardhi imsukume. Deo akamwona akajificha nyuma yangu. Babu alitoka ndani, akamshika bega, akarudi ndani, nikamsikia anapenga kamasi.

Mama hakusimama.

"Umekula?"

"Bado."

"Pasaka umesalia wapi?"

"Majini."

"Kwa hiyo hukusali."

"Nilisali peke yangu."

"Jumamosi Padre anaungamisha. Utakwenda."

"Nitakwenda."

Akaniambia niweke maji jikoni. Sikwenda. Nilikuwa nimekaa na swali langu kwa muda mrefu mno, na mwenye kulijibu alikuwa amesimama mbele yangu.

"Baba," nikasema, "ilipoamka, uliogopa?"

Akanitazama. Hakuniuliza nina maana gani. Akachuchumaa, tukawa sawa macho kwa macho.

"Niliogopa," akasema. "Walituambia tutashuka kesho yake asubuhi. Mimi nilikuwa chini kabisa, napiga pasi mashuka ya mwisho, nimeweka ndoo ya maji pembeni. Nikaona maji ya ndoo yanainama. Ndoo imesimama, maji yanainama. Nikajua inakwenda. Nikakimbia ngazi zile zote, nilipotoka juu gati liko mbali, watu wadogo kama siafu. Meli nyingine mbili zilikuwa zinaivuta. Tulikuwa wachache tuliosahauliwa ndani. Tulipiga kelele, upepo ukazichukua. Wakatushusha siku nyingi baadaye, bandari nisiyoijua jina, bila karatasi ya kunionyesha mimi ni nani. Nilidhani sitawaona tena."

"Usimwambie mtoto hivyo," Mama akasema.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Lakini ungo ulikuwa unatetemeka, maharage yanarukaruka ndani yake kama yako motoni. Aliuweka chini. Akabaki palepale amekaa kwenye udongo mbichi, akajifunika uso kwa upande wa kitenge, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, wala kwenye msiba wa mama yake. Alilia kama mtu anayetua mzigo wa kuni kichwani na shingo bado haiamini. Nilikuwa nimefikiri katika nyumba ile anayeogopa ni mimi peke yangu.

 Baba alinyoosha mkono, akaurudisha. Kisha akauvuta ungo, akauweka mapajani mwake, akaanza kuchagua yale maharage. Dobi yule, mikono ya kunyoosha kola, alikuwa anatupa maharage mazima na kuacha mawe, na hakuna aliyemwambia.